Mlio wa "ting" asubuhi ya baridi, kumbe springi ya mbele imekatika

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada, hasa kwa nyie wenye minivan za familia za siku nyingi. Juzi asubuhi baridi kali, nimewasha gari nipeleke watoto shule, nakata usukani tu kutoka pale nilipopaki nikasikia "ting!" mbele kulia, kama mtu kagonga chuma na nyundo. Nikashuka nikazunguka gari sikuona kitu, nikaendelea. Gari inaenda vizuri ila nikikata kona taratibu kuna kitu kinagonga na kwenye matuta ndio kabisa. Gereji ya kwanza wakasema ni stebilaiza linki, kile kifimbo cha kuzuia gari isilale kwenye kona, wakabadilisha nikalipa, kelele iko palepale. Jana naosha rimu ndio nikaona ncha ya chuma imetokeza karibu kabisa na tairi. Sijaiwasha tena. Je naweza kuiendesha polepole hadi gereji nyingine? Na fundi anasema nibadilishe springi moja tu, ni sawa?

—

Pole sana dada, na hongera kwa kuipaki. Usiiendeshe hata mtaa mmoja, ita gari la kuvuta, na uwaambie waibebe juu yote, wasiivute na tairi za mbele zikiwa chini. Nimefanya kazi chini ya magari miaka mingi na hili tatizo linaniuma kuliko mengi kwa sababu hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi, gari inaendelea kutembea tu na watoto wako ndani mpaka siku ile ncha itoboe tairi ukiwa spidi.

Minivan nyingi mbele zina stratu ya MacPherson, yaani shokabsoba na springi vimefungwa pamoja, imeitwa hivyo kwa jina la injinia Mmarekani Earle MacPherson aliyeibuni miaka ya 1940. Springi imeizunguka shokabsoba na chini imekaa kwenye kikombe cha chuma, na hicho kikombe kiko karibu sana na tairi. Sasa humo ndimo mchanga, maji na ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji vinapojikusanya. Springi imepakwa rangi nzito ya kuzuia kutu lakini kokoto zikiigonga au raundi ya chini ikisuguana na kikombe rangi inabanduka, kutu inachimba kishimo kidogo kama ncha ya pini, na kwa vile springi imebeba mzigo muda wote hata ukiwa umelala, kile kishimo kinakuwa ufa, ufa unakua kila ukipita shimo barabarani, siku moja pap. Ndio maana nyingine zinakatika gari ikiwa imesimama tu. Na minivan injini na gia boksi vyote viko mbele, mzigo sio mdogo.

Kwa nini gereji hawakuiona? Mara nyingi inakatika raundi ya mwisho chini, kipande kinabaki kimelala mlemle kwenye kikombe na gari inashuka kidogo sana. Kuendesha tu kusikiliza haitoshi. Kata usukani mpaka mwisho, gari ikiwa imezimwa na hendibreki juu, mulika na tochi nyuma ya tairi, fuata springi toka juu hadi inapoishia. Mwisho wa kiwandani umekatwa vizuri na una rangi, uliovunjika una makovu na kutu. Halafu pima toka katikati ya tairi hadi ukingo wa madgadi, kulia na kushoto, kwenye sakafu iliyo sawa.

Badilisha zote mbili za mbele. Ya zamani imeshalegea, ukiweka moja mpya gari itakaa upande, na hiyo nyingine imekula chumvi ileile misimu ileile. Tena naomba sana mtu asijaribu nyumbani na vile vibano vya kukodi, springi iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua. Ulizia stratu kamili, inakuja na springi, shoki na beringi ya juu vimeshafungwa, kazi inakuwa fupi. Baada ya hapo alaimenti, yaani kunyoosha tairi zikae sawa, ni lazima, la sivyo tairi zitaliwa upande.

Jambo la mwisho, chukua namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17, uangalie kama kiwanda kiliwahi kuyaita magari ya aina yako yarudi kutengenezwa springi. Kama ipo wanatengeneza bure, na haijalishi wewe ni mnunuzi wa pili au wa nne. Wengi wetu tumenunua gari zilizotumika, barua zilienda kwa mwenye gari wa kwanza.

—

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Gari ilibebwa leo. Wameingiza mkono upande wa ndani wa tairi ya kulia wakakuta mstari umechimbwa kuzunguka tairi yote, nimeambiwa haifai tena. Na upande wa kushoto, ambao haukuwahi kupiga kelele hata siku moja, springi nayo imekatika chini, kipande kimelala kwenye kikombe vilevile ulivyosema. Wanaweka stratu kamili mbili kesho, alaimenti keshokutwa. Namba ya chesisi nimeituma, nasubiri jibu.

—

Dada, risiti ya hiyo kazi itunze. Kiwanda kikija kuyaita magari hayo baadaye, ukiwa nayo unaweza kudai urudishiwe ulicholipa.