Mary I wa Uingereza: kwa nini alikaa mwaka mmoja na nusu kabla ya moto wa kwanza?

HKL_wa_Mwisho

Wakuu, salaam. Nasoma Matengenezo ya Kanisa nchini Uingereza na Malkia Mary I ananivuruga. Ameingia madarakani Julai 1553, Mkatoliki wa kutupwa, na mtoto wa Henry VIII na mkewe wa kwanza, Catherine wa Aragon. Lakini mzushi (anayekana mafundisho ya Kanisa) wa kwanza kuchomwa, John Rogers, ni Februari 1555. Kwa nini achelewe hivyo wakati malkia ndiye yeye? Halafu kuna maandishi yanasema Rogers alichomwa 1554. Na la mwisho: huyu ndiye Mary aliyekatwa kichwa na Elizabeth?

Mtunza_Nyaraka

Nianze na la mwisho maana ndilo jepesi. Hapana. Aliyekatwa kichwa Fotheringhay tarehe 8 Februari 1587 ni Mary Stuart, Malkia wa Scotland. Mary I ni dada yake Elizabeth kwa baba, ambaye ndiye aliyemrithi, na alikufa kwa maradhi Novemba 17, 1558 katika jumba la St James's, London. Wote wawili ni Wakatoliki na ni ndugu wa ukoo mmoja, ndiyo maana mitihani hupenda kuwatega watu hapo.

Sasa hilo la kuchelewa. Mkuu, ondoa kichwani picha ya malkia anayesema neno na nchi ikageuka. Mageuzi ya Henry VIII na Edward VI yalikuwa yamepita Bungeni, kwa hiyo njia pekee ya kuyafuta bila ubishi mahakamani ilikuwa kurudi Bungeni. Mary alifanya hivyo kwa awamu:

Kwanza, vuli ya 1553. Bunge lilithibitisha ndoa ya mama yake kuwa halali, na likafuta sheria za dini za Edward. Misa ya Kilatini ikarudi, kitabu cha sala cha Kiingereza kikatoka. Lakini angalia mpaka wake: nchi ilirudishwa pale ilipokuwa Henry alipokufa mwaka 1547, si kwa Papa. Kisheria Mary bado alikuwa Mkuu wa Kanisa, cheo alichokichukia. Akawa anaficha kwa ujanja: kwenye orodha ya vyeo vyake, pale pa "Mkuu wa Kanisa" makarani waliandika "n.k." tu.

Pili, Aprili 1554. Muswada wa kurudisha sheria za uzushi ulipita Baraza la Makabwela (wabunge wa kuchaguliwa), ukaangushwa na malodi wa baraza la juu. Aliyeongoza upinzani ni Lodi Paget, mjumbe wa baraza la malkia mwenyewe! Bila sheria hizo hakuna askofu aliyeweza kumkabidhi mtu kwa serikali achomwe.

Tatu, Novemba 1554 hadi Januari 1555. Kardinali Reginald Pole anafika kama mjumbe wa Papa, na Novemba 30 anaiondolea nchi hatia ya kujitenga na Roma mbele ya wabunge waliopiga magoti. Ndipo zikapita sheria mbili kubwa: moja ikafuta kila sheria iliyompinga Papa tangu 1529, nyingine ikahuisha sheria za uzushi za 1382, 1401 na 1414. Hii ya pili ilianza kutumika Januari 20, 1555. Rogers akachomwa Smithfield Februari 4. Hesabu mwenyewe: siku kumi na tano. Kilichokuwa kimezuia moto ni sheria, si huruma.

HKL_wa_Mwisho

Nashukuru sana. Ila hao malodi walikuwa Waprotestanti? Na Pole naye alikuwa wapi mwaka mzima?

BintiAbasia

Wengi wao hawakuwa Waprotestanti hata kidogo. Hofu yao ilikuwa ardhi.

Henry alifunga monasteri (nyumba za watawa) kati ya 1536 na 1540 akachukua mashamba yake. Kufikia enzi ya Mary sehemu kubwa ilikuwa imeuzwa kwa malodi, mabwana wa mashambani na wafanyabiashara, na wanunuzi hao walikuwamo na Wakatoliki safi wasiokosa misa. Mali hiyo ilikuwa imegawanywa, imerithishwa, imewekwa rehani. Sasa fikiria uwape maaskofu mamlaka ya kuhukumu uzushi kabla Papa hajasamehe ardhi. Aliyekalia shamba la abasia (monasteri kubwa) angeweza kuitwa kujieleza. Ndiyo sababu waligoma Aprili.

Pole aliteuliwa na Papa Julius III tangu Agosti 1553. Alikwamishwa Ulaya bara na mambo mawili. Kaisari Charles V hakutaka afike kabla mwanawe Philip hajamwoa Mary (ndoa ilifungwa Winchester Julai 25, 1554). Na Pole mwenyewe alishikilia kwamba mali ya Kanisa irudishwe, msimamo ambao Bunge lisingeukubali hata siku moja. Alipolegeza ndipo akaruhusiwa kuvuka, tena ilibidi kwanza Bunge lifute hukumu ya uhaini aliyopewa mwaka 1539. Msamaha wa ardhi ukaingizwa ndani ya sheria ileile iliyomrudisha Papa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bei halisi ya upatanisho: Roma ilipata utii, wanunuzi walibaki na mashamba. Mary alirudisha mali iliyokuwa bado mikononi mwa taji, na Westminster Abbey ikapata watawa tena Novemba 1556 chini ya abati John Feckenham, lakini nyumba za watawa zilizofufuliwa zilikuwa chache mno.

Kasoro ya njia hii ni kwamba kilichofungwa na Bunge hufunguliwa na Bunge. Elizabeth alitumia mlango uleule mwaka 1559 kuirudisha nchi kwenye Uprotestanti. Mary angekuwa na mrithi hadithi ingekuwa nyingine, lakini mimba ya 1555 haikuwa mimba. Alijifungia Hampton Court tangu Aprili kusubiri kujifungua, London ikapiga kengele za furaha mwishoni mwa mwezi kwa uvumi wa uongo, na kufikia Agosti hakuna aliyeitaja tena.

Mchambuzi_Mkavu

Niongeze kuhusu moto, kwa sababu watu hudhani ilikuwa kukamata na kuchoma. Kulikuwa na taratibu. Mtuhumiwa alihojiwa na askofu au wawakilishi wake, na swali lililowamaliza wengi lilikuwa moja: je, baada ya maneno ya padre, mwili wa Kristo umo kweli katika ekaristi (mkate na divai ya misa)? Akikana, anashawishiwa abadili, mara nyingi kwa vikao kadhaa. Akikataa katakata, Kanisa linamtangaza mzushi na kumkabidhi kwa sherifu. Kanisa lenyewe halikuchoma mtu, angalau kwenye karatasi. Aliyekiri kosa kwa kawaida aliachwa hai.

Utaratibu huo ulivunjwa kwa Thomas Cranmer, askofu mkuu wa Canterbury wa enzi za Henry na Edward, na ndipo serikali ilipojiumiza. Alishatia saini kukana imani yake zaidi ya mara moja, na bado wakaamua afe. Machi 21, 1556, Oxford, alipotakiwa kusoma toba hadharani aliigeuka, kisha akautanguliza motoni mkono wa kulia uliotia saini zile. Wangemwacha hai wangekuwa na askofu mkuu wa Waprotestanti aliyetubu.

Na utekelezaji ulikuwa mbovu. Mtu alifungwa mnyororo kiunoni kwenye nguzo, matita ya kuni yakapangwa kumzunguka, na jamaa waliruhusiwa kumfungia mifuko ya baruti afe haraka. Askofu John Hooper, Gloucester, Februari 9, 1555, alipata kuni mbichi na upepo. Moto ulibidi uwashwe mara tatu na baruti haikumsaidia. Kwa Askofu Nicholas Ridley, Oxford, Oktoba 16, 1555, kuni zilirundikwa nyingi mno, moto ukakosa pa kupandia ukamla miguu tu, huku Hugh Latimer, askofu wa zamani, kando yake akifa upesi. Watazamaji waliyaona yote. Jumla ya waliochomwa ni takribani 280, zaidi ya 50 wakiwa wanawake, wengi kutoka London, Kent, Essex na Sussex. Kitabu cha John Foxe cha mwaka 1563 kiliwageuza kuwa mashahidi, na jina baya la Mary likatokea humo kwa kiasi kikubwa.

Usiwachanganye hao na Jane Grey lakini, yule aliyetangazwa malkia kwa siku chache kabla ya Mary. Huyo alikatwa kichwa Februari 12, 1554 kwa uhaini, baada ya uasi wa Wyatt dhidi ya Mary. Si uzushi.

Mtunza_Nyaraka

Limebaki swali la tarehe. Uingereza ya wakati huo ilibadilisha mwaka Machi 25, si Januari 1. Kwa hiyo tukio lolote la Januari 1 hadi Machi 24 litaonekana kwenye nyaraka likiwa na mwaka mmoja pungufu: Rogers "Februari 4, 1554" ni 1555 kwetu. Ongeza mwaka, siku usiziguse.

Ukikuta sheria imeandikwa "1 & 2 Philip na Mary, sura ya 8", hiyo ndiyo iliyomrudisha Papa; sura ya 6 ndiyo ya uzushi. Namba ya kwanza ni mwaka wa utawala wa Philip, ya pili ni wa Mary. Wa Mary hugeuka Julai 6, wa Philip hugeuka Julai 25, siku ya ndoa. Ndiyo maana kati ya Julai 6 na 24, 1555 utakuta "1 & 3". Si kosa la karani.