Tupeane uzoefu: kuratibu wanafunzi wanaojitolea kwenye maktaba ya kituo cha wanawake chuoni

Mwanzisha uzi

Habari zenu wadau. Huu ni mwaka wangu wa tatu nikiratibu wanafunzi wanaojitolea kwenye maktaba ya kituo cha wanawake, chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Ukisikia maktaba usifikirie jengo. Ni chumba kimoja nyuma ya dawati la jinsia: rafu tano za mbao, meza mbili, mkeka, feni, na vitabu mia sita na kitu, vingi vya kupewa. Mwezi wa kumi wanaripoti wa mwaka wa kwanza na nitahitaji watu wapya, kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Naanza mimi.

Mwaka wa kwanza walijiandikisha ishirini na wanne. Nikafurahi, nikapiga ratiba ya zamu kwa rangi, nikaibandika ukutani. Wiki ya majaribio ilipofika walikuwa wamebaki wanne. Nikaanza kulaumu: watoto wa siku hizi hawana moyo, wanataka posho. Mpaka binti mmoja wa sheria, mwaka wa pili, aliponiambia kwa upole kabisa, "Dada, mimi hapa nalinda vitabu tu. Sijui hata vinasema nini." Maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimewaita wasomi nikawapa kazi ya ulinzi, tena bila rungu.

Nikabadilisha. Zamu zilibaki, lakini kila wawili walikabidhiwa rafu iwe yao. Kuifuta vumbi, kuipanga, kuisoma, na kuandika karatasi moja ya Kiswahili chepesi kwa kila kitabu kigumu, inakaa ndani ya jalada. Wale wa rafu ya sheria waliandika kuhusu Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, kinachohusu mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika. Wakaongeza kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, ambayo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika mali ya ndoa. Karatasi yenyewe ukurasa mmoja, mwandiko wa mkono, wino wa bluu.

Siku moja akaingia mama wa usafi. Ndoo aliiacha mlangoni, fagio akalishika mkononi muda wote. Akaomba asomewe "ile ya kazi za nyumbani". Binti akamsomea. Akasema, rudia hapo. Akarudia. Mama akauliza, "Na kama nyumba imeandikwa jina lake?" Wakakaa kwenye mkeka karibu saa nzima, na mwishowe binti akamwandikia anwani ya ofisi ya msaada wa kisheria. Yule binti hakukosa zamu tena mpaka alipohitimu. Hakuwa na posho wala nini.

Kosa langu la pili bado linaniuma. Tulikuwa na kauntabuku la kuazima: jina, namba ya usajili, kitabu, tarehe. Lilikaa wazi juu ya meza. Kila anayeandika jina lake anasoma ya waliotangulia. Binti mmoja akaazima kitabu cha afya ya uzazi, na mmoja wa watu wangu wa zamu akalitaja jina lake hosteli. Labda hakukusudia ubaya, ila maneno hayana breki. Baada ya siku chache yakawa yamevuka hosteli mbili. Kitabu nilikikuta asubuhi kimesukumwa chini ya mlango, jalada limekunjika. Mwenyewe hakurudi tena, na sikumfuata kwa kuogopa kumwongezea aibu.

Tangu hapo majina hayaandikwi mezani. Kila msomaji ana kadi yenye namba, na daftari la kuunganisha namba na jina linafungiwa kabatini, ufunguo ninao mimi. Vitabu vya ukatili wa kijinsia unasomea pale pale kwenye mkeka bila kuandika chochote. Tumepoteza vichache. Naona ni sawa.

Karibuni. Hasa wenye uzoefu wa kipindi cha UE (mitihani ya chuo) na fildi (mafunzo ya vitendo nje ya chuo), maana hapo ndipo chumba kinafungwa.

Comrade wa Eldoret

Salamu kutoka Kenya dada. Kwetu shida ilikuwa ufunguo. Mmoja alienda nao Kisumu kwenye atachimenti, yaani fildi kama mnavyoiita nyinyi, tukakaa siku tisa mlango umefungwa, na kuna wasichana walikuwa wanatumia kile chumba kusoma jioni kwa sababu ndicho chenye taa ya uhakika. Sasa ufunguo unakaa kwa mlinzi wa geti, unasainiwa ukitoka na ukirudi.

Kuhusu mitihani: usipange zamu ya mtu mmoja. Panga wawili wa miaka tofauti na, ukiweza, vitivo tofauti, ndio siku zao za mitihani zisigongane. Na uwaulize ratiba ya mtihani kabla hujaandika ratiba yako. Mimi nilifanya kinyume kwa miaka miwili nikidhani watu wamenidharau, kumbe mtu ana karatasi mbili siku moja. Wiki mbili za mwisho tunafungua saa kumi hadi saa mbili usiku tu, na tunatangaza mapema. Afadhali masaa machache ya kweli kuliko tangazo la kutwa nzima na kufuli mlangoni.

Kaka wa Dodoma

Naomba niseme kama mwanaume. Nilijitolea mwaka wa kwanza kwa sababu mama yangu alinyimwa shule, na hilo kwetu si siri. Zamu yangu ya kwanza nikakaa mezani. Wakaja mabinti wawili, wakaniona, wakageuza kana kwamba wamekosea mlango. Siku ya pili hivyo hivyo. Mratibu wetu hakunifukuza wala hakunibembeleza. Alinieleza kwamba pale kuna anayekuja kutafuta kitabu siku mbaya kuliko zote maishani mwake, na hana wajibu wa kunizoea mimi. Akanipa sindano ya magunia, uzi wa katani na vitabu kumi na saba vilivyokatika mgongo, nikae chumba cha nyuma.

Nilivishona vyote muhula ule. Unatoboa karatasi kwenye mkunjo kwa msumari mdogo, unapitisha uzi, unarudi, unafunga ndani, halafu unapaka gundi ya unga wa ngano mgongoni na kukiweka chini ya tofali usiku kucha. Kufikia mwaka wa tatu mabinti wenyewe walikuwa wanakuja nyuma kuniletea vilivyochanika. Mezani sikurudi kukaa na sikuona haja. Ushauri wangu: wanaume wapokeeni, ila msianze kwa kuwaweka mezani.

Mkutubi wa Moro

Mwanangu wa Dodoma, hongera kwa mikono yako, lakini gundi ya unga uiache. Wanga ni chakula cha mende na wadudu wanaokula karatasi. Tumia ile gundi nyeupe ya maseremala, kidogo sana, na brashi. Na wote mnaobandika selotepu kwenye kurasa, nawaomba muache leo. Baada ya miaka michache inageuka njano, inavuja ulimbo, na ukiibandua inaondoka na maandishi.

Mwanzisha uzi, nakupongeza kwa lile daftari. Mimi nimefundishwa ukutubi, na siri ya msomaji ni somo la mwanzo kabisa. Ila usiliweke miaka. Kitabu kikirudi salama, ile safu ya namba yake ikate kwa kalamu nzito isisomeke. Kisichokuwepo hakiwezi kuvuja.

Jingine ni mpangilio. Msiwatese vijana na Dewey nzima, ule mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa namba za mada, kwa vitabu mia sita. Ukiifuata, masuala ya wanawake yako 305.4, ukatili wa nyumbani uko 362.82, uzazi uko 618, na sheria iko kwake huko 340. Binti mwenye tatizo moja atazunguka chumba kizima. Chukueni utepe wa rangi: mwekundu afya, bluu sheria, kijani kazi na biashara, njano hadithi na ushairi. Namba ya Dewey iandikeni ndani kwa penseli, siku moja maktaba kuu ikitaka kuviingiza kwenye katalogi yake itawashukuru.

Dada wa Minnesota

Niko Marekani, nimesoma huku. Vituo vya wanawake vyuoni huku vina umri. Cha Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza 1960. Mimi nilijitolea kwenye kingine, kidogo, na rafu zilikuwa ukumbini kabisa, penye makochi.

Jambo la kujua ni kwamba wanafunzi wengine pale walikuwa wanalipwa kupitia mpango wa serikali ya shirikisho wa kazi kwa wanafunzi wenye uhitaji. Sisi wenye viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, hatumo kwenye mpango ule, kwa hiyo mezani tulikaa wawili, kazi moja, mwenzangu ana mshahara, mimi sina. Iliniuma. Kilichonibakiza ni kwamba mratibu alilisema mwenyewe siku ya kwanza, mbele ya wote, bila kuzunguka, na akatuuliza kila mmoja anataka kuondoka na ujuzi gani. Mimi nikasema kuchagua vitabu. Nikapewa sehemu ya bajeti ya ununuzi niipangie. Kama kwenu kuna wenye posho na wasio na posho, semeni wazi mapema.

Na kuhusu siri, tulifanya mazoezi kwa kuigiza. Mtu anapiga simu: "Mimi ni mama yake, nataka kujua kaazima nini." Unajibu nini? Tulirudia mpaka jibu likatoka bila ukali na bila kusita. Fanyeni hivyo na wa mwaka wa kwanza, kwa Kiswahili, mmoja awe mama, mwingine awe mchumba, mwingine awe mhadhiri. Aliyelitaja jina hosteli huenda hakuwahi kuonyeshwa namna ya kukaa kimya.

Mgeni

Vyeti mnawapa? Wetu wanadai cheti kwanza.

Mwanzisha uzi

Tunatoa barua, si cheti. Inaeleza alichofanya: rafu gani, karatasi ngapi aliandika, zamu ngapi alikuja kweli. Ya yule binti wa sheria iliandika karatasi thelathini na moja.

Mkutubi wa Moro, shikamoo na asante sana. Jioni hii nimekaa na kalamu nzito, nimefuta mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Dada wa Minnesota, la simu ya mama nalichukua kama lilivyo. Kaka wa Dodoma, nitumie picha za kila hatua ya kushona, hata za simu. Nina vitabu vinane vimefungwa kwa kamba ya katani, kimoja ni kile kilichopita chini ya mlango.