Naomba ushauri: reli za modeli zinapinda mchana

Wakuu, nipo Moshi, najenga modeli ya njia ya Tanga–Arusha kwa uwiano wa 1:87. Upana kati ya reli mbili ni milimita 12, maana njia halisi ina upana wa mita moja; ile ya milimita 16.5 ni ya SGR, hapa inaharibu sura yote.

Reli za mita moja moja nimezilehemu kwa risasi kila kiungio, juu ya plaiwudi. Joto chini ya bati likipanda nyuzi 20, kila reli hurefuka kama milimita 0.3. Kwa kuwa hakuna nafasi, kona inasukumwa nje na mabehewa yanaanguka.

Nikikata nafasi ya milimita 0.5 kila kiungio na kupitisha umeme kwa waya pembeni, inatosha? Kwenye kona nikate wapi bila kuvunja mkunjo?