Naomba ushauri: kuna mtu anataka laki tisa "amtoe" jaji wa kesi yetu ya shamba

Binti wa Mwandiga
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naandika kutoka Kigoma. Naomba msinicheke, maana nyumbani jambo hili limeshafika pabaya.

Marehemu baba aliacha shamba la michikichi, ekari nne. Jirani akaingia ekari moja na nusu, anadai baba alimuuzia. Tulienda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya tukashinda. Jirani akakata rufaa Mahakama Kuu. Rufaa imeshasikilizwa, sasa tunangoja hukumu, na tarehe imesogezwa mara mbili. Mara ya mwisho tuliambiwa jaji yuko kwenye vikao vya kesi za mauaji.

Hapo ndipo baba mdogo alipochanganyikiwa. Kuna mtu kamwambia jirani alionekana akipeana mkono na jaji msibani. Basi, kwake hilo limekwisha: jaji kanunuliwa. Wiki iliyopita akaja na jamaa mmoja wa mjini, koti kubwa, simu mbili, anajiita "mtu wa mahakama". Anasema ataandika barua, itapita kwa mkuu wa mkoa, itafika Ikulu, na ndani ya wiki mbili jaji anaondolewa analetwa mwingine. Bei laki tisa, tutangulize laki nne. Akatuonyesha barua ya mfano. Juu: "Yah: Kutolewa kwa Jaji". Chini kuna muhuri wa bluu, TUME YA MAJAJI. Nilipoushika wino ukanibaki kidoleni.

Na anatutisha kwamba jaji anakaribia miaka 60. Eti akistaafu kabla ya kusoma hukumu, kesi inaanza moja, kwa hiyo tuwahi.

Baba mdogo ameshatafuta mteja wa madumu kumi ya mawese ili apate hiyo laki nne. Mimi ndiye niliyesoma kidogo hapa nyumbani na kila nikiuliza naambiwa "wewe mtoto wa kike hujui serikali inavyokwenda". Naomba anayejua kweli anieleze: jaji wa Mahakama Kuu anawekwa na nani na anatolewaje?

Dagaa Mkavu
Muhuri ambao wino haujakauka na bado unataka laki nne. Dada, hayo mawese yafungie stoo, ufunguo lala nao.

Karani Mstaafu
Marahaba binti. Mimi niko Tabora, nimezeeka kwenye masijala, majalada ya Kigoma nimeyabeba kwa mikono hii. Enzi hizo Kigoma haijapata Mahakama Kuu yake, watu walikuja kwetu na treni. Unamkuta mzee kakaa ngazini tangu alfajiri, kikapu cha migebuka pembeni, karatasi zake kazifunga kwenye mfuko wa sukari. Na wenye makoti makubwa walikuwapo vilevile, wakimngoja pale pale ngazini. Sisi tuliwaita vishoka. Kwa hiyo huyo wako simshangai.

Sasa sikiliza taratibu. Jaji wa Mahakama Kuu anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Hilo liko Ibara ya 109 ya Katiba. Awe na shahada ya sheria, na awe amekaa si chini ya miaka 10 mfululizo kwenye uhakimu, au utumishi wa umma akiwa na sifa za uwakili, au awe mwenye sifa za kusajiliwa kuwa wakili. "Tume ya Majaji" ya kwenye muhuri wa huyo jamaa mimi sijawahi kuiona, na barua za serikali nimefungua maelfu.

Kumtoa ndiyo kazi. Soma Ibara ya 110A. Jaji hatoki kwa sababu mtu kachukia hukumu yake. Anatoka kama hawezi tena kazi, kwa ugonjwa au sababu nyingine, au kwa mwenendo mbaya unaovunja maadili. Na hata hapo Rais haamki asubuhi akaandika barua. Anaunda tume maalumu ya uchunguzi, mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Mwenyekiti huyo na angalau nusu ya wajumbe lazima wawe majaji wa Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani katika nchi mojawapo ya Jumuiya ya Madola. Wakati wanachunguza, Rais anaweza kumsimamisha jaji, lakini baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Tume hiyo ya uchunguzi ikisema atolewe, anatolewa. Ikisema asitolewe, anarudi kwenye kiti chake. Wiki mbili? Wiki mbili haitoshi hata kuwapata wajumbe.

Kuhusu kustaafu amekudanganyeni kwa nusu ukweli, na huo ndio uongo mbaya zaidi. Ni kweli jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akitimiza miaka 60, na akitaka anaweza kuondoka tangu 55. Lakini Katiba hiyohiyo, Ibara ya 110, inamruhusu aliyefikisha umri aendelee hadi amalize kuandika na kusoma hukumu za mashauri aliyokwisha kuyasikiliza. Kesi yenu haianzi moja.

Kijiwe cha Mwanga
Karani umesema vizuri ila umewapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Hebu tuhesabu hiyo Tume ya Utumishi wa Mahakama: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi (mkuu wa Mahakama Kuu) na wajumbe wawili. Niambie yupi kati ya hao sita hakuteuliwa na Rais, kwa kiti hiki au kile. Halafu tunasema "Rais anashauriana". Anashauriana na aliowaweka mwenyewe!

Hiyo miaka 10 nayo, Rais akiona mtu anafaa anaweza kuilegeza baada ya kuzungumza na Tume hiyohiyo. Umri wa 60 anaweza kuuongeza kwa sababu ya manufaa ya umma. Na 2017 nchi ilikaa na Kaimu Jaji Mkuu tangu Januari mpaka Septemba. Mtu anayekaimu, anayejua jina lake liko mezani kwa mtu mwingine, mnataka awe jasiri kiasi gani? Baba mdogo si mjinga, dada. Anaona wapi mamlaka yanakaa, ila kakosea mlango.

Karani Mstaafu
Kwenye kuteua sikupingi. Lakini angalia lango la kutokea. Aliyekuweka hawezi kukutoa peke yake, na Ibara ya 107B inasema mahakama ziko huru, zinafuata Katiba na sheria za nchi tu. Nimeona majaji waliochukiwa na wakubwa wakimaliza muda wao wakastaafu wakaenda kufuga.

Kijiwe cha Mwanga
Na walioogopa je? Hao huwezi kuwaona masijala, Karani. Hofu haigongwi muhuri.

Mdigo wa Likoni
Naingilia kutoka Mombasa, mke wangu ni Mmanyema wa Ujiji kwa hiyo nina haki ya kuchangia 😀. Huku Katiba ya 2010 ilimfunga Rais: tume ya mahakama ikishapendekeza majina, yeye kazi yake ni kuteua tu. Na raia yeyote anaweza kupeleka ombi kwa tume hiyo kutaka jaji aondolewe, tume ikiona lina uzito ndipo Rais anaunda jopo. Maandishi mazuri mno. Lakini 2019 majina 41 yalipelekwa yakakaa tu. Juni 2021 Uhuru Kenyatta akateua 34, mmoja alikuwa ameshafariki, sita akawaacha nje ingawa mahakama ilishasema hana hiari. Waliingia Septemba 2022 kwa Rais mwingine. Kwa hiyo msidhani karatasi peke yake inatosha.

Wakili Koti Kuukuu
Jamani mmegeuza uzi kuwa semina na dada bado ana madumu kumi hatarini. Turudi kwake.

Dada, huyo jamaa kawachanganya kwa makusudi, au na yeye hajui. Mkuu wa mkoa ni mwenyekiti wa kamati ya maadili ya maafisa mahakama ya mkoa, na mkuu wa wilaya ana yake. Hizo zimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011. Lakini kamati hizo ni za mahakimu. Jaji hayumo. Malalamiko dhidi ya mwenendo wa jaji yanakwenda Tume ya Utumishi wa Mahakama, na kuna kamati ya maadili ya majaji yenyewe. Kuandika ni bure. Hakuna laki nne wala laki moja.

Na baba mdogo akifikiria mbunge, mwambie hata kanuni za Bunge zinamkataza mbunge kuzungumzia mwenendo wa jaji au hakimu bungeni mpaka iletwe hoja mahususi ya jambo hilo.

Kama mnaamini kweli jaji ana uhusiano na jirani, njia ni kumwomba ajitoe kwenye shauri. Ombi linapelekwa mbele yake yeye mwenyewe, mchana kweupe, upande wa pili ukiwapo, na mnaeleza sababu. Ila mkono wa msibani si sababu. Kigoma nzima tunazikana. Mngekuwa na kitu kama undugu, biashara ya pamoja, au jaji aliwahi kuwa wakili wa jirani, hapo ningewaambia twendeni. Tena mlitakiwa kusema mapema, si baada ya kila kitu kusikilizwa mnangoja kusomewa.

Kuchelewa ni suala jingine. Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka hukumu isomwe ndani ya siku 90 baada ya shauri kumalizika kusikilizwa. Hesabuni kwanza. Zikipita, andikeni barua ya adabu kwa Naibu Msajili, nakala kwa Jaji Mfawidhi (jaji msimamizi wa kituo), mkiulizia tarehe. Andika "tunaomba kujulishwa". Usiandike "mmenunuliwa".

Mwisho, hizo laki nne mnazofikiria kutoa "kumtoa jaji" zinaweza kuitwa rushwa, na mtoaji naye anashtakiwa. Namba ya TAKUKURU ni 113, bure.

Binti wa Mwandiga
Nimesoma yote, Mungu awabariki. Siku hatujafika 90, tuko kama 70 na kitu. Sikujua hata kama kuna hesabu.

Leo asubuhi nimempigia jamaa simu mbele ya baba mdogo, nikaweka sauti ya nje. Nikamuuliza, hiyo Tume ya Majaji mwenyekiti wake ni nani? Akasema "ni siri ya serikali". Nikamuuliza ibara gani inaruhusu mkuu wa mkoa kupitisha barua ya kumtoa jaji. Akasema mtandao unasumbua. Nimepiga tena mara tatu, haipatikani.

Baba mdogo kakaa kimya, akasema tu kwamba mawese bei imeshuka, ni heri kusubiri. Sijui kama kaelewa au anaokoa uso.

Mama Kibirizi
Anaokoa uso mwanangu, na wewe mwache auokoe. Usimwambie "nilikuambia". Mpelekee chai, muulize habari za shamba. Mwanaume wa Kiha ukimshinda mbele ya watu atauza mawese kesho kwa hasira.

Dagaa Mkavu
Mama Kibirizi anafaa kuwa Jaji Kiongozi.

Binti wa Mwandiga
Nimecheka mpaka wameniuliza nasoma nini 😂. Shikamoo mama, nimekusikia.

Swali la mwisho kwa Karani na Wakili. Tukishindwa siku ya hukumu tunafanya nini siku hiyohiyo? Maana nahofia tukitoka pale mlangoni yule mwenye koti atakuwa anatungoja.

Wakili Koti Kuukuu
Anayemrekebisha jaji ni Mahakama ya Rufani. Kusudio la kukata rufaa linawasilishwa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Pia ndani ya siku hizo 30 andikeni barua kuomba nakala za mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) na hukumu, na nakala ya barua hiyo mumpe jirani, asaini. Wengi wanasahau kumpa mpinzani nakala, halafu muda uliopotea wakisubiri mwenendo hawafidiwi. Rufaa yenyewe ni siku 60 baada ya kusudio, kwa hiyo tafuteni wakili mwenye leseni mapema, na muulizeni namba yake ya uwakili.

Karani Mstaafu
Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, mnaanza kesho yake. Nendeni na daftari, andikeni tarehe kwa mkono wenu. Kila karatasi mnayopeleka masijala mrudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na risiti ya malipo yenye namba ya kumbukumbu. Hata ukibaki na wino kidoleni, utakuwa wino wa masijala.