Flashi ya kuweka pembeni: TT600 mbili au V860 moja?

Mluguru87:
Wakuu, habari za jioni. Napiga picha za sendofu na harusi huku Morogoro. Kamera ni Canon EOS 2000D, lenzi ya milimita 50. Hadi leo natumia flashi ya kwenye kamera tu: nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi, na nyuma ya maharusi giza tupu. Sasa nataka kuweka flashi pembeni, juu ya stendi na mwavuli. Nina laki nne na nusu. Nichukue Godox TT600 mbili, au nijikaze nipate V860 moja ya betri ya lithiamu? Kuna jamaa pia anauza Yongnuo YN560 IV mbili zilizotumika, kwa bei ya kutupa. Nitoeni ushamba.

Shangazi wa Shata:
Mdogo wangu, chukua TT600. Flashi ikishakaa kwenye stendi, TTL, yaani kamera kujipimia mwanga wa flashi yenyewe, ya nini? Maharusi wamesimama, stendi imesimama, umbali ni uleule. Unapima mara moja, robo ya nguvu au chini yake, unapiga hadi wachoke wao. TTL ina raha flashi ikiwa juu ya kamera na unakimbizana na bibi harusi anayeingia ukumbini akicheza. Mimi ninazo tatu, mwaka wa nne huu, na kipokezi cha redio kimo humohumo ndani. Ila nunua betri za kuchaji, seti mbili. Kila flashi inakula nne.

Baba Zawadi:
Napinga kidogo, Shangazi. TT600 ukiipiga nguvu kamili inakusubirisha sekunde mbili na ushee, keki imeshalishwa. V860 ni kama sekunde moja na nusu, na betri moja hunimalizia usiku mzima. Kuhesabu betri nane gizani, huku MC anakuita, mimi nilishaacha.

Mluguru87:
Na zile Yongnuo je?

Fundi Mwanga:
Subirini kwanza. Mkuu, kabla ya flashi yoyote, itazame kamera yako pale juu panapochomekwa flashi. Kamera nyingi zina kidoti cha chuma katikati. 2000D haina. Canon walikiondoa pia kwenye 4000D na 250D. Kidoti hicho ndicho kinachoiamuru flashi isiyo na TTL, au triga ya kawaida (kile kifaa cha juu ya kamera kinachoiwasha flashi ya mbali kwa redio), iwake. Pasipo nacho, YN560 ukiichomeka hapo ni pambo. TT600 vilevile.

Kwa hiyo swali lako la kwanza ni triga. Tafuta ya Canon hasa, X2T-C au XPro-C, inayozungumza na kamera kwa vile vidoti vingine, na programu yake ya ndani iwe mpya. Ukishakuwa nayo, TT600 ya kwenye stendi itawaka. Nenda na kamera yako dukani, ijaribu mbele ya muuzaji. Mimi niligundua siku ya kipaimara cha watoto wa watu, triga mpya mkononi, na aliyeniuzia kazima simu.

Mluguru87:
Duh! Nimetoka kutazama, kweli patupu. Kumbe ndiyo maana flashi niliyoazima kwa rafiki ilikataa, nikamwambia kaniletea mbovu. Na picha za bustanini saa saba mchana, TT600 itaweza?

Fundi Mwanga:
Peke yake, hapana. Jua kali, ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), shata 1/200 ya sekunde ambayo ndiyo mwisho wa kamera yako kwa flashi ya kawaida: unahitaji tundu la lenzi la f/11 hivi, na namba hiyo ikikua tundu linabana, flashi inatakiwa nguvu zaidi. TT600 ndani ya mwavuli, mita mbili kutoka kwa maharusi, itakupa kama f/8 kwa nguvu kamili. Mbili zikifungwa pamoja ndiyo zinagusa f/11, kwa tabu, huku zinachemka. HSS, ile njia ya flashi kwenda na shata ya kasi, itakuruhusu kuvuka 1/200, lakini nayo inameza nguvu. Wapeleke chini ya mwembe, au wape miadi ya saa kumi na moja. Anayetaka kushindana na jua anunue Godox AD200, flashi kubwa yenye zaidi ya mara mbili ya nguvu ya TT600 moja.

Shangazi wa Shata:
Na mfuko wa mchanga kwenye mguu wa stendi! Mwavuli ni tanga, upepo hauombi ruhusa. Moja ya zile tatu zangu imefungwa kwa solotepu.

Baba Zawadi:
Kwa kamera hiyo, hata mimi nasema triga kwanza. V860 itasubiri.

Mluguru87:
Basi Jumamosi nashuka Kariakoo na kamera yangu begani: triga, TT600 moja, stendi, mwavuli. Ya pili nitaiongeza harusi za Desemba zikinilipa. Jamaa wa Yongnuo nimeshamwambia hapana. Rafiki yangu nimemwomba radhi, anadai soda mbili.