Ukoo wa Bibi Newala: hela ya mnada

*Shangazi Newala:* Wanangu hamjambo. Leo tena nimetoka chama cha ushirika mikono mitupu, wiki ya tatu hii tangu korosho zangu ziuzwe mnadani, karani anasema hela haijaingia, namuuliza mbona wenzangu tuliopeleka ghalani siku moja wameshalipwa, ananiambia nikaangalie simu

*Dada Chikongola:* Shikamoo shangazi, pole. Stakabadhi unayo?

*Shangazi Newala:* Marahaba. Ninayo, kilo 412 daraja la kwanza. Salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho, sawa nilipata ila mashine ya kupulizia nilikodi, mafuta nikanunua, vijana wa kupalilia nikawalipa, nimeokota na mgongo huu huu mpaka mwezi wa kumi na moja. Shule zimefunguliwa na mjukuu anaingia fomu wani hana sare. Jana kaja mtu wa kangomba, hawa wanaonunua kwa magendo nje ya mnada, anataka hizi zilizobaki kwa nusu bei

*Kaka Ligula:* Shangazi usiuze kangomba jamani

*Shangazi Newala:* Mwanangu usiuze ni rahisi kusema, mtoto analala njaa?

*Kaka Ligula:* Nisamehe shangazi. Sa hivi hata mimi sina, huku ghalani tunabeba magunia toka asubuhi tunalipwa kwa gunia na ya wiki iliyopita mpk leo hatujapewa, msimamizi anasema mpaka mzigo upande meli. Sasa mimi na meli wapi na wapi, nilishabeba

*Baba Mdogo Masasi:* Na diwani je? Wakati wa kampeni alikaa hapo barazani kwako

*Shangazi Newala:* Nimempigia mara nne. Mara ya kwanza kasema atafuatilia, tangu hapo hapokei

*Baba Mdogo Masasi:* Inauma sana. Msimu wa 2018 tuligomea mnada bei ilikuwa ndogo, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, jeshi likaja kusomba, halafu ukaja uhakiki wa mashamba, 2019 imeingia watu bado wanasubiri. Tangu hapo karatasi ya korosho mimi siitupi hata moja. Hebu piga picha hiyo stakabadhi na kadi ya benki uturushie

*Shangazi Newala:* 📷 📷

*Dada Chikongola:* Shangazi mbona stakabadhi wameandika Somoye na kadi ya benki ni Somoe??

*Shangazi Newala:* Kaandika karani, mimi miwani sina

*Dada Chikongola:* Basi ndo hiyo. Hapa kwangu kwenye uwakala wa benki nimeshaona wengi, jina la chama na la benki yakipishana hela inarudishwa. Herufi moja tu! Na karani orodha ya ambao hela zao zimerudi anayo mezani, wiki tatu anamwangalia mama mtu mzima anatembea juani anashindwa kumwambia lete kitambulisho turekebishe, hii imenitoa machozi kweli

*Baba Mdogo Masasi:* Aandike barua ya kurekebisha jina, wagonge mhuri, abaki na nakala. Asiondoke bila mhuri

*Kaka Ligula:* Kesho sibebi. Napanda gari la kwanza nakuja tunaenda wote, karani anitazame mimi. Nauli nani ananisaidia

*Dada Chikongola:* Nimekutumia angalia simu. Na ya sare nimeweka humo humo mpe shangazi

*Shangazi Newala:* Mungu awaweke. Ukifika stendi nipigie, ming'oko nachemsha usiku huu huu. Huyo wa kangomba nimemwambia asirudi