Kisiki cha jiwe kando ya barabara ya Beverley ni cha nini?

Mpitanjia: Wakuu, habari za saa hizi. Naishi Hull, Uingereza. Ukitoka Beverley kwenda Walkington kuna kisiki cha jiwe pembeni ya barabara. Mwenzangu kazini anadai zamani muuaji akishalifikia hilo jiwe hakamatwi tena. Kweli, au ni stori za baa?

Mzee wa Kumbukumbu: Ni kweli nusu. Hicho ni kitako cha msalaba wa mpaka wa hifadhi ya kanisa la Beverley Minster, yaani eneo ambalo mkimbizi alilindwa. Misalaba ilisimamishwa kwenye njia za kuingia mjini, maili moja hivi na ushee kutoka kanisani. Visiki vitatu bado vipo.

Ila jiwe halikuwa ukuta. Anayekuwinda aliweza kukushika hata ukishalipita, lakini hapo faini ilianza kuhesabika, na kadiri ulivyokaribia altare ndivyo ilivyopanda. Akikung'oa kwenye kiti cha amani, kile alichokalia mkimbizi aliyefika kanisani, basi tena, hapakuwa na fedha ya kumkomboa. Kiti chenyewe bado kimo kanisani: cha jiwe, kifupi, mgongo umeviringa, hakina nakshi yoyote. Nendeni mkione, kinashinda madirisha yote ya rangi.

Mama Kuku: Kwa hiyo jambazi anakaa humo anakula bure? Hata miji ya makimbilio ya Hesabu 35 kwenye Biblia ilikuwa ya aliyeua bila kukusudia.

Mzee wa Kumbukumbu: Umenena, mama. Na kule Hesabu mlipiza kisasi akimkuta nje ya mpaka, alimuua bila hatia. Beverley walikuwa wapole zaidi: chakula na malazi siku 30, huku makanoni, mapadri wa kanisa hilo, wakimwombea msamaha. Asiyepata aliweza kubaki mjini, lakini kwa kiapo: asibebe kisu chenye ncha, na moto ukizuka mjini akimbilie kuuzima. Mali yake ilikwenda kwa mfalme. Si bure hiyo. Halafu wakimbizi hawakuwa wauaji tu. Daftari lao lililobaki limejaa pia watu waliokimbia madeni.

Mpitanjia: Yalikwisha lini haya?

Mzee wa Kumbukumbu: Mfalme Henry VIII aliyabana sana, Bunge likayafuta kwa wahalifu mwaka 1624. Ukifika Ripon, mji mwingine uliokuwa na hifadhi kama hiyo, nenda kijiji cha Sharow ukaone kisiki kingine. Misalaba ya Ripon ilikuwa minane, kimebaki hicho tu.